Kasoro Ndogo ya Kujazia Fomu

Kibungulo, Uluguru
3 Machi 2025

Dada Shadia,

Salaam kutoka huku mawinguni. Natumaini ulifika salama Alhamisi ile. Stambuli aliporudi na gari lake la kabichi alituambia mliteremka ubavuubavu kwenye tope mpaka mlipoiona lami, na kwamba ulisoma dua zote unazozijua.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu hapa inashika nyuma ya kanisa tu, na nyuma ya kanisa kuna masikio mengi. Halafu mambo ya tathmini si ya kumwaga WhatsApp.

Fomu za robo mwaka zimefika. Ukurasa mmoja wa kumtathmini hakimu mwenzako uliyepangwa naye, na mwingine wa kujitathmini mwenyewe. Wewe umeshamaliza sehemu yako: ulipanda mlima, ukakaa benchi la nyuma la mahakama yangu kutwa nzima, ukaniona ninavyofanya kazi. Mimi nitakuja kukaa kwako baada ya Idi. Kinachonishinda ni ule ukurasa wangu mwenyewe. Nimeutazama tangu Jumamosi. Nimehukumu watu kutwa, halafu jioni nijihukumu na mimi? Mwaka jana niliandika, "Nimejitahidi kuongeza kasi ya usikilizaji wa mashauri." Robo iliyofuata nikanakili. Iliyofuata nikanakili tena nikabadilisha tarehe, wala hakuna aliyeuliza.

Safari hii siwezi kunakili. Hakimu Mfawidhi wetu wa wilaya ndiye anayepeleka majina ya kupandishwa cheo, na amesema fomu zote atazisoma mwenyewe. Mke wangu na watoto wako Songea mwaka wa tatu huu. Nikipandishwa nateremka mlima, nawaleta mjini, tunaishi kama watu wengine. Wewe hamu ya kuandika mambo haya unaitoa wapi? Nisaidie.

Mdogo wako,
Agustino Komba


Mazimbu, Morogoro
7 Machi 2025

Mdogo wangu Agustino,

Barua yako nimeikuta kwa mama muuza karoti, ina tope pembe zote. Nakujibu nikiwa nimefunga, kwa hiyo ukikuta neno kali ujue ni njaa. Na ninyi najua mmeingia Kwaresima, basi tuvumiliane.

Nani kakudanganya kwamba nina hamu? Miaka kumi na sita kwenye kiti hiki sijawahi kuamka nikasema leo natamani kujitathmini. Ninachofanya ni hivi. Najifanya kwamba atakayesoma si Mfawidhi. Atakayesoma ni mtu aliyeshindwa kesi mbele yangu robo hiyo. Namchagua mmoja, namweka kwenye kiti cha pili pale mezani kwangu, namwandikia yeye. Ukimwandikia huyo, "nimejitahidi kuongeza kasi" haiandikiki. Atakuuliza, kasi ya kwenda wapi?

Na tathmini ya mwenzangu naiandika siku ileile kabla sijala. Nikishashiba nakuwa mpole, na upole wangu haujamsaidia hakimu yeyote.

Yako nilishaipeleka wilayani. Niliandika hivi: "Mheshimiwa ana umahiri wa sheria. Mahakama yake ina nidhamu. Mashauri yanakwenda kwa wakati." Umeridhika? Basi lala, kesho uandike ya kwako.

Dada yako,
Shadia Hemedi


Kibungulo
12 Machi 2025

Dada Shadia,

Ahsante kwa sifa. Bahati mbaya zimerudi. Anastasia, karani wangu, aliteremka wilayani kupeleka majalada, akapanda na tathmini uliyoniandikia ina alama ya kalamu nyekundu. Mfawidhi anarudisha tathmini zote zisizo na kasoro hata moja. Anasema hakimu asiye na kasoro hajazaliwa, na kama amezaliwa hayuko wilayani kwake.

Kwa hiyo nakuomba uniongezee kasoro. Ndogo, Dada. Ya kupendeza. Sauti yangu haifiki benchi la nyuma, kwa mfano. Au nasahau kwenda kula nikiwa na kazi. Kitu ambacho mtu akisoma anasema, huyu anafaa, apandishwe arekebishwe hukohuko juu.

Mbinu yako nimeijaribu. Kwenye kiti cha pili nilimweka Kondo, yule mzee wa gunia la mchele uliyemwona siku uliyokuja, kwa vile ndiye niliyemfunga karibuni. Haikunisaidia. Alikiri mwenyewe, shauri likaisha robo saa, nikampa miezi sita, sasa hivi yuko gerezani Kingolwira analima. Sina cha kumwambia. Katika mashauri yote ya robo hii lile ndilo safi kuliko mengine.

Stambuli anashuka Ijumaa. Mpe kasoro yangu.

Agustino


Mazimbu
15 Machi 2025

Agustino,

Kasoro ninayo. Ukubwa wake siujui, utaupima mwenyewe.

Huinui kichwa. Najua tunaandika kila neno kwa mkono, na mimi vidole vyangu vimepinda kwa kazi hiyohiyo. Lakini kuanzia shitaka linaposomwa mpaka hukumu, mimi nilikaa nikitazama utosi wako. Sasa nikueleze nilichokiona mimi niliyekuwa nimeinua changu.

Anastasia aliposoma kwamba Kondo aliiba gunia la mchele wa Dakawa kwenye matanga ya marehemu Bi Prisca, watu walianza kucheka. Hawakuwa wanamzomea mwizi. Ni kicheko cha watu waliokuja kustarehe. Ukauliza kama ni kweli. Kondo akamgeukia mlalamikaji, Nasibu, mtoto wa marehemu, akasema, "Ni kweli mheshimiwa, mchele nimeiba, na huyu mwenyewe nitamwiba nikamuuze mjini, ingawa sidhani nitapata bei." Mahakama nzima ikaangua kicheko. Nasibu peke yake hakucheka. Wewe ukasema "Kimya!" na kichwa chako hukohuko kwenye karatasi, ukaandika.

Ukasoma maelezo ya kosa, akasema yote kweli, huku anafuta machozi ya kucheka. Ukatamka miezi sita. Alitoka nje bado anatabasamu. Askari alipomfunga pingu ndipo alipogeuka kuutazama mlango wa mahakama, kama mtu anayengoja mwenzake aseme basi, mchezo umetosha.

Mimi ni mtu wa Pangani, mambo ya huko juu siyajui. Muulize wa hukohuko walikuwa wanacheka nini.

Shadia


Kibungulo
18 Machi 2025

Kwa Mheshimiwa Shadia Hemedi,

Nilikuomba kasoro ya kujazia fomu, umeniletea kesi.

Mwenendo wa shauri uko mbele yangu. Mshitakiwa: "Ni kweli niliiba mchele." Mahakama: amekiri kosa. Maelezo yakasomwa. Mshitakiwa: "Yote ni kweli." Mtu mzima mwenye akili zake amekiri mara mbili hadharani. Ulitaka niandike kwamba watu walicheka? Watu hucheka mahakamani. Hata kwenye mauaji wapo wanaocheka.

Na kama wewe uliyaona yote hayo, umahiri na nidhamu uliviandika vya nini? Wakati ule ndipo uliponidanganya, au sasa?

Sitamuuliza mtu. Nitaandika kwamba sauti yangu haifiki nyuma.

A. Komba, Hakimu


Mazimbu
21 Machi 2025

Agustino,

Umeuliza swali la haki, nalijibu. Nilidanganya wakati ule.

Fomu yako niliijaza kwenye gari la Stambuli, nimeiweka juu ya goti, katikati ya kabichi, naitazama mvua inavyotufuata. Kile kicheko kilikuwa kinaniwasha tangu mahakamani. Nikajiambia, Agustino ni mtu wangu, anataka kuteremka akae na familia yake, na baada ya Idi atakuja yeye kukaa benchi langu la nyuma. Nakupamba, unanipamba. Tathmini ngapi nimeziandika namna hiyo, sitaki hata kuzikumbuka. Nilikuhubiria kuandika kabla ya kula, na yako niliiandika natafuna mahindi ya kuchoma.

Kwa hiyo nikasirikie, ni haki yako. Lakini usimwache Kondo Kingolwira kwa sababu umenikasirikia mimi. Muda wa rufaa ni siku thelathini, na unajua ulianza kuhesabika lini. Muulize Anastasia. Dakika mbili tu. Ukikuta nimekosea nitapanda huko kwa miguu kukuomba radhi.

Shadia


Kibungulo
24 Machi 2025

Dada Shadia,

Usipande. Nimemuuliza.

Nilimwita Anastasia ofisini, nikamwambia, siku ya Kondo mlikuwa mnacheka nini? Akanitazama kwanza aone kama namtega. Halafu akasema, "Mheshimiwa, si watani wale? Ukoo wa Kondo na ukoo wa Bi Prisca ni watani toka mababu. Ndio wanaozikana. Msiba ukitokea, mtani anakuja anatukana maiti, anabeba kitu anaficha, wafiwa wanacheka, wanamkomboa kwa kitu kidogo, anakirudisha. Lile gunia lilikuwa nyuma ya jiko muda wote. Hata wapishi walijua."

"Na Nasibu hakujua?"

"Nasibu kakulia kwenye kambi za miwa, baba yake alikuwa kibarua huko. Kaja kumzika mama, anakuta mzee mmoja anamwita mama yake mlafi mbele ya watu, na mchele alioununua kwa jasho lake haupo. Akashuka polisi. Wazee walimwambia acha, hawa ni watani zako. Yeye akaona wanamtetea mwizi."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Dada, jibu lake sijalimeza mpaka sasa. "Tulidhani unajua, mheshimiwa. Ulivyoinamisha kichwa tulidhani unaficha kicheko na wewe. Tulikuwa tunangoja uwapatanishe. Uliposema miezi sita, wengine walidhani nayo ni sehemu ya utani. Halafu ulikuwa umeshasema kimya."

Na mimi ni Mngoni! Utani ninao tangu tumboni mwa mama. Tulipomzika baba yangu, mtani wetu mmoja aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Nilicheka huku nalia. Ile ndiyo siku niliyojua kwamba nitaweza kuendelea kuishi. Hakuna mtu wilaya nzima aliyepaswa kukijua kile kicheko kuliko mimi. Naona aibu, na sina neno jingine la kuiita.

Hukumu yangu siwezi kuifuta mwenyewe, unajua. Wilaya wanaweza kuliita jalada kwa mapitio, lakini wakilifungua watakuta mtu aliyekiri mara mbili. Kicheko hakimo. Ya kumuuza Nasibu mjini hayamo. Niliyeyaacha ni mimi, nikaona ni porojo. Kwa hiyo asiposema aliyeandika, karatasi itaendelea kusema niliyoyaandika.

Na fomu inatakiwa wilayani Ijumaa. Jana mke wangu alinipigia, nikaipokelea simu nyuma ya kanisa. Ameanza kuulizia shule za Morogoro.

Agustino


Mazimbu
26 Machi 2025

Mdogo wangu,

Mimi sikukungoja. Ile tathmini iliyorudishwa nimeiandika upya, nikaipeleka kwa Mfawidhi jana kwa mkono wangu. Nimeandika nilichokiona benchi la nyuma, na nimeandika kwamba mara ya kwanza nilikificha na kwa nini. Jina lako limo, na langu pia limo.

Nakueleza mapema ili usisikie kwa watu. Kama nimekuharibia, nimekuharibia, na sitakudanganya kwamba sikuliwaza hilo. Nililiwaza njia nzima.

Kwa hiyo usiandike kwa ajili ya kunisindikiza mimi. Maneno yangu ni ya mtu aliyekaa nyuma. Yanaweza kutosha, na pengine yasitoshe. Aliyeshika kalamu siku ile ni wewe.

Futari inaniita. Mungu akutangulie.

Shadia


Kibungulo
28 Machi 2025

Dada,

Nimeandika. Nimempa Stambuli bahasha mbili: barua ya kuomba jalada lipitiwe, na fomu. Fomu nimemwandikia Kondo, kama ulivyonifundisha. Mfawidhi atasoma kwa pembeni. Nakunakilia sehemu yake hapa uone.

"Robo hii nimemfunga mtu aliyekuwa anatania. Aliposema ni kweli, hakuwa anakiri wizi. Alikuwa anamfariji mfiwa kwa desturi yao, na watu wote mahakamani walielewa isipokuwa mlalamikaji na mimi. Mlalamikaji alikuwa amefiwa na mama. Mimi sina udhuru. Maneno ya mshitakiwa sikuyaandika yote, niliandika yaliyonitosha kumtia hatiani. Kuhusu kasi ya usikilizaji: shauri lilichukua robo saa."

Kwenye sehemu ya "mafanikio" nimepiga mstari. Mke wangu sijamwambia.

Idi njema ukifika.

Agustino


Mazimbu
24 Aprili 2025

Mdogo wangu Agustino,

Pole na mfungo wenu, na heri ya Pasaka iliyopita. Nina habari, na nakupa zote kwa mkupuo.

Kondo ameachiwa. Jalada lilipitiwa, Nasibu aliitwa akasikilizwa, na alipoelezwa lile jambo kwa utulivu aliomba mwenyewe mzee atoke. Hukumu imefutwa Jumanne. Jana alishushwa stendi na mtoto wa dada yake aliyekwenda kumpokea. Nilipita pale. Amekonda, lakini mzima.

Jina lako halimo kwenye majina yaliyopelekwa. Niliyaona. Mfawidhi aliniita ofisini, akanipa onyo la maandishi kwa ile tathmini ya kwanza, na nimestahili. Nikamuuliza habari zako. Akasema utakaa Kibungulo mwaka mwingine, halafu wataona. Nilipokuwa mlangoni akasema kwamba katika lundo zima ni fomu zetu mbili tu alizozisoma mpaka chini. Sikujua kama ananisifu au ananisuta, nikamwitikia tu.

Mwambie mkeo leo. Asiipate kwa mtu mwingine.

Na benchi langu la nyuma bado linakungoja. Usije na sifa.

Dada yako,
Shadia


Kibungulo
9 Juni 2025

Dada Shadia,

Nimechelewa kujibu, barabara ilikatika mwezi mzima, na hata ingekuwapo sidhani kama ningejua niandike nini.

Mke wangu nilimwambia. Akasema watoto wakifunga shule atawaleta huku juu, wakaone hayo mawingu ninayoyasifia.

Jumamosi kulikuwa na msiba. Mzee Tomasi, kaka yake Bi Prisca, ukoo uleule. Nikaenda, kwa sababu nisingekwenda ingeonekana. Nasibu naye alipanda kutoka kwenye miwa. Kondo na watu wake ndio waliochimba kaburi, kama inavyowapasa watani, wakazika, wakarudi kukaa uani pamoja na sisi.

Watu wakangoja. Unaweza kuona kabisa watu wanavyongoja. Wanawake jikoni waliacha masufuria wazi wakajifanya wanatazama pengine. Nasibu alivua koti lake jipya, koti zuri la mtu wa mjini, akalitundika kwenye kigingi karibu kabisa na bega la Kondo, akaenda kukaa mbali, ameligeuzia mgongo. Nilimwombea Kondo alichukue. Kweli nilisali, Dada, alichukue tu akimbie nalo, atukane ukoo mzima.

Hakuligusa. Alikaa mikono ameiweka magotini. Hakumtukana marehemu. Mjane wa Mzee Tomasi alimchokoza mara mbili, yeye akaitikia kwa adabu, "Poleni sana." Matanga yakaenda kimya mpaka mwisho. Watu walikula, wakanawa, wakaanza kuaga. Jioni Nasibu akalichukua koti lake.

Nikainuka niondoke. Kondo akaniona, akasimama haraka, akavua kofia. Mzee huyu ni wa umri wa baba yangu, pengine anamzidi. Akainama mbele yangu, akasema, "Shikamoo, mheshimiwa."

Nikainama na mimi, nikamwambia, "Shikamoo, baba." Tukabaki tumesimama pale, kila mmoja amemwamkia mwenzake, na marahaba haikutoka kwa yeyote.

Agustino